Mwili unajuaje kutengeneza antibodi ya mdudu ambaye haujawahi kukutana naye?

Mdadisi wa Usiku
Wakuu habari zenu. Kuna jambo linanikosesha usingizi wiki ya pili hii. Mdogo wangu yuko sekondari, juzi kaja na daftari la bayolojia kanionyesha mchoro wa kitu kama herufi Y, anauliza kaka hiki ni nini, nikamjibu kwa kujiamini kabisa hiyo ni antibodi, askari wa mwili. Akanitazama, akasema sasa huyu askari anamjuaje adui ambaye hajawahi kumwona hata siku moja? Nikajifanya simu inaita nikatoka nje.

Mimi nilichokuwa najua ni kwamba mdudu akiingia mwili unamchukua vipimo kama fundi cherehani, mabega hivi kiuno hivi, alafu unamshonea antibodi inayomkaa sawasawa. Ila nikikaa nikawaza naona haiingii akilini. Nimesoma mahali kwamba binadamu tuna jeni kama 20,000 hivi za kutengenezea protini, na antibodi nayo ni protini. Wadudu hawahesabiki na kila siku vinazuka virusi vipya, sasa jeni za antibodi zote hizo zimekaa wapi?

La pili, kwa nini iwe Y? Si ingekuwa duara tu au kijiti yaishe.

La tatu naona hata aibu ila humu hakuna anayenijua: antibodi na antibayotiki ni ndugu au majina tu yamegongana?

Naombeni lugha ya mtu aliyeachana na sayansi kidato cha pili. Nawasilisha.

Kalamu Butu
Nachukua la tatu maana ndo saizi yangu 😄 Hawana undugu wowote. Antibayotiki ni dawa, unapewa, inaua bakteria au inawazuia wasizaliane, kwa virusi haifanyi kitu kabisa ndo maana mafua ya virusi ukinywa vidonge vya antibayotiki unajisumbua. Antibodi ni protini ambayo mwili wako wenyewe unaitengeneza, Kiswahili cha vitabuni ni kingamwili. Hilo neno "anti" ndo limewachanganya watu wengi sio wewe tu. Hayo mawili ya juu nawaachia wenye darubini zao.

Jicho la Maabara
Umeniita mkuu nimekuja. Naandika kirefu, mwenye haraka apite.

Kwanza usijione mjinga kwa hilo la fundi cherehani. Linus Pauling, mtu aliyekuja kuchukua Nobel mbili, mwaka 1940 alitoa nadharia inayofanana sana na ya kwako, alisema mnyororo wa antibodi unakuwa bado umelegea, ukimkuta adui unajikunja kumfuata mpaka unachukua umbo lake kama udongo kwenye kalibu. Watu waliiamini miaka mingi tu. Ilikuwa sio kweli, lakini umekosea ukiwa na watu wazito.

Sasa ukweli wenyewe. Mwili haumsubiri mteja ndo uanze kushona. Unashona kabla, nguo mamilioni kwa mamilioni, bila kumpima mtu, mikono mirefu mifupi, shingo za ajabu ajabu, nyingi hazitamkaa mtu yeyote maisha yako yote, alafu zinatundikwa dukani. Mteja akiingia anapitishwa kwenye nguo zote mpaka ipatikane moja inayomkaakaa hata kama sio sawasawa, basi hiyo ndo inatolewa nakala maelfu kwa maelfu. Kwa hiyo swali la mdogo wako lina jibu la ajabu kidogo: askari hamjui adui. Wapo askari wa kila sura na mmoja wao bahati ikamwangukia. Aliyeliweka hili vizuri ni Frank Macfarlane Burnet, Mwaustralia, mwaka 1957.

Duka lenyewe ni zile chembe nyeupe za damu zinazoitwa seli B, zinazaliwa kwenye uboho, ule uroto wa ndani ya mifupa. Kila seli B inabeba aina moja tu ya antibodi. MOJA. Imezivaa juu ya ngozi yake maelfu na maelfu lakini zote zinafanana. Inazunguka kwenye damu na kwenye mitoki ikisubiri kitu kinachoshikana na hizo. Wengi wao wanakufa hawajawahi kushika kitu, yani maisha yote mtu yuko zamu na adui wake hakutokea.

Ile iliyobahatika kushika, na mara nyingi ikapata idhini ya seli T msaidizi (chembe nyeupe nyingine ya damu, mwili hautaki seli B ijiamulie peke yake, na kuna sababu), inaanza kugawanyika, moja mbili nne nane, inakuwa kundi kubwa la mapacha. Sehemu ya hao mapacha wanageuka viwanda, wanaitwa seli plazma, kila mmoja anamwaga antibodi maelfu kwa sekunde moja. Wengine wanabaki kama kumbukumbu. Hapo kwenye mitoki ndo unasikia imevimba shingoni au kwapani ukiumwa, ile ni kazi inaendelea mule ndani.

Haya, jeni. Hili nalo lilitesa watu kweli kweli mpaka Mjapani mmoja, Susumu Tonegawa, akiwa anafanya kazi Basel kule Uswisi, akaonyesha mwaka 1976 kitu ambacho hakuna aliyekitegemea: seli B inaikata DNA yake yenyewe na kuiunganisha upya. Alipata Nobel mwaka 1987, peke yake bila kugawana na mtu. Yani hatuna jeni nzima nzima ya kila antibodi, tuna vipande. Vipo vya kundi V, vya kundi D na vya kundi J. Seli B ikiwa inakua inaokota V moja, D moja, J moja, inavibandika, vilivyobaki katikati inavitupa. Kwa ule mnyororo mzito (nauelezea chini) tuna V zinazofanya kazi kama 40, D kama 23, J 6. Zidisha, 40 mara 23 mara 6, unapata 5,520. Mnyororo mwepesi nao una vipande vyake, ukijumlisha aina zake mbili unapata michanganyiko kama 320. Sasa mzito wowote unaweza kukutana na mwepesi wowote, 5,520 mara 320 ni zaidi ya milioni 1.7. Kwa vipande visivyozidi mia mbili!

Na hapo bado. Pale kwenye maungio, seli inachomeka herufi za DNA za kubahatisha ambazo hazikuwepo kwa baba wala mama, inang'oa nyingine, kwa hiyo hata seli mbili zilizookota vipande vilevile zinatoka tofauti. Ukishaweka hiyo, idadi inapaa kiasi kwamba mwilini hakuna seli B za kutosha kuibeba michanganyiko yote inayowezekana. Hata mapacha wa kufanana antibodi zao hazifanani zote.

Swali la Y nalijibu baadae kidogo naitwa.

Mama Wawili
Jicho la Maabara nimekuelewa vizuri sana ila umenitisha. Kama ni kubahatisha tu, sura zozote zinatoka, basi si lazima nyingine zitoke zinazoshika figo langu, ini langu, damu yangu mwenyewe? Hao askari wa kubahatisha nani anawazuia wasitupige sisi wenyewe?

Jicho la Maabara
Dada umeuliza swali zuri kuliko la mwenye uzi (samahani Mdadisi 😂).

Ndio, zinatoka, tena nyingi. Pale kwenye uboho kabla seli B haijaachiwa kuna mtihani: ikishika kwa nguvu kitu cha mwili wenyewe inazuiwa kutoka. Inapewa nafasi ya kubadilisha mnyororo wake mwepesi kwa kuokota vipande vingine, ikiendelea kushika inauawa. Zinazoponyoka mtihani wa kwanza nyingi zinanyamazishwa huko nje kwa kukosa ile idhini ya seli T niliyoitaja. Ndo sababu yenyewe ya ile idhini.

Lakini mtihani sio kamili. Kuna ugonjwa unaitwa myasthenia gravis, mtu kope zinaanguka, misuli inachoka haraka, ni kwa sababu antibodi zake zinaziba pale mshipa wa fahamu unapoongea na msuli. Kuna na Graves, huo ndo unanishangazaga mimi, maana pale antibodi haiharibu kitu, inashika kwenye tezi ya shingo mahali ambapo homoni ilitakiwa ishike, tezi inadhani imeambiwa ifanye kazi, inafanya kazi kupitiliza, mtu anakonda moyo unaenda mbio. Antibodi haina nia mbaya wala nzuri, imeshika tu pale inapokaa.

Sasa Y. Kabla ya kuitwa Y iitwe panda, ile panda ya mti unayotengenezea manati. Mkono mmoja wa panda, mkono wa pili, na mpini. Imejengwa na minyororo minne ya protini: miwili mizito inayotoka kwenye mpini mpaka kwenye mikono, na miwili miepesi iliyolala kando ya mikono tu. Mizito inafanana yenyewe kwa yenyewe na miepesi vilevile, kwa hiyo mkono wa kushoto na wa kulia unashika kitu kilekile. Imefungwa pamoja na vifundo vya salfa. Ukiipima, ile ya kawaida ina uzito wa kilodaltoni kama 150 (hicho ni kipimo cha uzito wa vitu vidogo kama protini), kila mzito 50, kila mwepesi 25, jumlisha utaona inakubali.

Kwenye ncha za mikono ndo kuna ile sehemu inayobadilika kutoka antibodi moja kwenda nyingine. Na hata pale ncha nzima haibadiliki sawasawa, kuna vitanzi vidogo vitatu vya mnyororo mzito na vitatu vya mwepesi, sita jumla kila mkono, hivyo ndo vidole vinavyomgusa adui. Na hawamshiki adui mzima, wanashika kipande kidogo tu cha juu yake, kibonge hivi au kishimo. Kwa hiyo mdudu mmoja anaweza kushikwa na antibodi aina mia tofauti, huyu sikio huyu pua.

Walijuaje kama ni Y na hata darubini za maana za kuona hiyo kitu hazikuwepo? Mwingereza Rodney Porter mwishoni mwa miaka ya 1950 alichukua antibodi akaikata kwa papaini, kimeng'enya kinachotoka kwenye utomvu wa papai. Akapata vipande vitatu. Viwili vinafanana na bado vinamshika adui, cha tatu hakishiki kitu lakini kwenye friji kikagandamana kuwa fuwele. Ukiwaza kidogo tu hapo jibu unalo: mikono miwili na mpini. Wakati huohuo Mmarekani Gerald Edelman anafungua vile vifundo vya salfa anapata minyororo mizito na miepesi. Wakagawana Nobel ya 1972. Nikiwaza mtu amegundua umbo la kitu ambacho hakioni kwa kukikata na utomvu wa papai naona sisi wenye mashine tunadeka.

Nesi wa Zamu
Hapo kwenye mpini ndo kwetu sisi wa wodini, naomba niuchukue kabla Jicho hajaandika kitabu kizima.

Watu wanasifia mikono tu, mpini wanausahau. Mikono inamshika adui, sawa, alafu? Kushika peke yake wakati mwingine kunatosha, mfano pepopunda, kinachoua pale ni sumu inayotolewa na bakteria, antibodi ikiikalia ile sumu basi haiwezi tena kuingia kwenye mishipa ya fahamu, kazi imeisha. Hata kirusi ukimziba pale anapotumia kufungulia mlango wa seli hawezi kuingia. Hii ndo ya zamani kuliko zote kujulikana, von Behring na Kitasato mwaka 1890 walichukua majimaji ya damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda wakampa mnyama mwingine akakingika, wakati huo hakuna hata mtu anayejua ndani ya hayo majimaji kuna nini. Mpaka leo mtu akija na kidonda kibaya na hajachanjwa anapewa antibodi za pepopunda zilizotengenezwa tayari, aliyeng'atwa na mbwa mwenye kichaa naye hivyohivyo pamoja na chanjo yake, na dawa ya sumu ya nyoka nayo ni antibodi, mara nyingi za farasi.

Lakini wadudu wengi kuwashika tu haitoshi. Bakteria aliyeshikwa bado yuko hai. Hapo mpini unafanya kazi ya kuita watu. Zile chembe nyeupe zinazomeza zina mikono ya kupokea mpini, zikikuta bakteria amejaa mipini imechomoza kama nungunungu zinamdaka zinammeza. Kuna protini nyingine zinazunguka kwenye damu zimelala, zinaitwa komplementi, ya kwanza yao ikikuta mipini imekaa karibu karibu inaamka, inaamsha ya pili, ya pili inaamsha ya tatu, mpaka mwisho zinatoboa matundu kwenye ngozi ya bakteria. Na kuna seli wauaji, hizo zikikuta seli ya mwili wenyewe imevamiwa na imeshikwa na antibodi, zinaiua. Kwa hiyo antibodi yenyewe mara nyingi haiui. Inabandika alama tu "huyu hapa", wauaji ni wengine.

Na ndo sababu ya kuwa na pande mbili Mdadisi. Upande mmoja lazima ubadilike kwa kila adui, upande wa pili lazima usibadilike maana ukibadilika wenzako hawatakutambua. Duara lingefanyaje hiyo?

Alafu mpini una aina tano, na hapa mwili ni mjanja kweli, mikono ileile unaweza kuhamishiwa kwenye mpini mwingine. Kwanza unaanza na IgM, hizo zinatoka tano zimeunganishwa kama nyota, mikono kumi, moja moja hazina mshiko mzuri lakini kwa kumi zinang'ang'ania. Baadae seli inahamia IgG, ndo nyingi kuliko zote kwenye damu, karibu robo tatu, na inakaa sana, ukiacha moja ya aina zake ndogo nusu yake inabaki baada ya wiki tatu hivi. Hiyo IgG ndo peke yake inayovushwa kwenye kondo kwenda kwa mtoto tumboni, kwa hiyo mtoto anazaliwa na kinga ya mama yake ya miezi kadhaa ya mwanzo. Ndo maana mjamzito tunamchoma sindano ya pepopunda, tunamchanja yeye tukimlenga mtoto. IgA inakaa kwenye mate, machozi, utumbo, na maziwa ya mama hasa yale ya mwanzo mazito ya njano ambayo bado kuna watu wanayakamua wanayamwaga, jamani acheni. IgE ni ya minyoo, lakini ikikosea adui ikashika vumbi au chavua ndo unapata aleji na pumu. IgD nayo ipo, inakaa zaidi juu ya seli B yenyewe, sina stori nayo.

Chongo wa Mtaa
Nimesoma yote, nina swali la kichokozi. Mnasema antibodi ni kinga. Mbona ukipimwa ukakutwa na antibodi za HIV unaambiwa umeathirika, sio kwamba umekingika? Na ukikutwa na antibodi za homa ya ini B unaambiwa hongera uko salama. Chagueni moja.

Nesi wa Zamu
Hahaa, hili naulizwa kila siku ila sio kwa ukali hivyo.

Antibodi inakwambia kitu kimoja tu, kwamba mwili umeshakutana na kitu fulani. Kama umeshinda au hujashinda hiyo ni habari nyingine. Homa ya ini B, tukikuta antibodi za ile ngozi ya nje ya kirusi, ujue ama ulichanjwa ama ulipona, maana hizo zikiwepo za kutosha kirusi hafurukuti. Kwenye HIV mwili unatengeneza antibodi nyingi tu lakini hazimmalizi, kwa hiyo kuwepo kwake ni ushahidi kwamba yupo. Kaswende nayo, kuna kipimo ambacho ukishaumwa kinaweza kusoma antibodi miaka na miaka hata kama ulitibiwa ukapona, kwa hiyo lazima kipimo kingine.

Na kwa sababu tunapima alama za mwili sio kirusi mwenyewe, kuna siku za mwanzo mtu ameshaambukizwa lakini antibodi bado hazijatosha, kipimo kinasoma hana, ndo maana unaambiwa urudi. Na mtoto wa mama mwenye maambukizi anaweza kusoma chanya mpaka miezi 18 kwa antibodi za mama zilizovuka kwenye kondo, wakati yeye mwenyewe hana kitu. Huyo tunampima kirusi chenyewe kwa PCR. Nimeona ndoa inataka kuvunjika kwa hilo tu, mtu kasikia mtoto ana antibodi akadhani ndo hukumu.

Kwa nini hazimmalizi, Jicho njoo.

Jicho la Maabara
Sababu ziko kadhaa. Anabadilika haraka sana, antibodi ikikamilika yeye ameshavaa sura nyingine. Amejifunika sukari, na ile sukari ni ya mwili wetu wenyewe kwa hiyo mwili hauioni kama ugeni. Anajificha ndani ya DNA ya seli, na antibodi haziingii ndani ya seli, zinafanya kazi nje tu, humo ndani ni kazi ya seli T, na yeye ndo anazila zile seli T wasaidizi.

Na kuna moja inayohusu Y yetu. Panda ina mikono miwili ili ishike sehemu mbili kwa mpigo, mkono mmoja ukiteleza wa pili bado umeshika, mshiko unakuwa mkubwa mara nyingi zaidi. Kirusi cha mafua kina miiba mamia imebanana, panda inakaa vizuri. HIV ana miiba kama 14 tu mwili mzima, iko mbalimbali, mkono mmoja ukishika wa pili unabaki unaning'inia hewani. Umaskini wa miiba umekuwa ngao yake.

Kuhusu kubadilika sura, na mwili nao una lake. Zile seli B zilizochaguliwa zikiwa kwenye mitoki zinaharibu kwa makusudi herufi za DNA za pale kwenye ncha ya mikono, zinabahatisha tena, zinashindanishwa upya nani anashika vizuri zaidi, wanaoshindwa wanakufa. Raundi baada ya raundi. Kwa hiyo ile nguo ya dukani iliyokuwa inamkaakaa tu, inapunguzwa hapa inaongezwa pale mpaka inambana. Mdadisi, hapo ndo fundi wako wa mwanzo anarudi kidogo, ila ni fundi kipofu, anakata ovyo alafu anaangalia ipi imekaa. Mara ya kwanza inachukua wiki moja mpaka mbili, mdudu akirudi tena ni siku chache tu maana kumbukumbu zipo na zimeshanolewa. Chanjo ndo hiyo, unaonyeshwa mteja wa bandia ili nguo iwe tayari.

Chongo wa Mtaa
Nimenyooshwa. Kwa hiyo kile kipimo cha haraka cha malaria nacho kinatafuta antibodi zangu?

Jicho la Maabara
Hapana, kile ni kinyume chake. Kwenye kile kikaratasi antibodi zimeshapakwa kiwandani, zinasubiri kushika protini ya kijidudu kwenye tone lako. Cha mimba hivyohivyo, antibodi za kushika homoni. Hizo za kiwandani zinatakiwa ziwe za aina moja tupu, na hilo liliwezekana baada ya Köhler na Milstein mwaka 1975 kuunganisha seli B na seli ya saratani, seli B inajua kutengeneza antibodi moja na saratani haijui kufa, ukapata kiwanda kisichofungwa. Leo dawa kibao za saratani na baridi yabisi zinatoka huko.

Kalamu Butu
Nimekumbuka niliwahi kusoma ngamia antibodi zake hazina ile minyororo miepesi, ni kweli au watu walinidanganya?

Jicho la Maabara
Kweli, sio zote ila nyingine ziko hivyo. Wabelgiji walitangaza mwaka 1993. Ni mizito miwili mitupu, na ncha moja tu inatosha kushika, tena kwa sababu ni nyembamba inaingia kwenye mashimo ambayo ya kwetu haiingii. Hata ilama wa Amerika Kusini anazo. Watu wa dawa wanazipenda sana.

Mdadisi wa Usiku
Wakuu nimerudi, nimekaa na dogo jana usiku nikamsomea yote. Nikamwambia askari hamjui adui, wapo wa kila sura bahati inamwangukia mmoja, akanyamaza muda mrefu alafu akasema "kwa hiyo mwilini mwangu saa hii kuna askari wa ugonjwa ambao haujazuka bado?" Nikamwambia nadhani ndio, niko sahihi?

Tatizo sasa kanigeuzia kibao anataka kuchora upya, anasema kwenye kitabu antibodi na bakteria wamechorwa karibu saizi moja, anauliza ukweli ni upi.

Jicho la Maabara
Uko sahihi kabisa, na mwambie dogo aje maabara siku moja.

Saizi: panda ina kama nanomita 10 kutoka ncha mpaka ncha. Kirusi cha mafua kama 100. Bakteria wa kawaida 2,000 hivi. Kwa hiyo akimchora bakteria urefu wa mita mbili, antibodi ni sentimita moja.

Mdadisi wa Usiku
Ameng'oa karatasi sita za katikati ya daftari anazigundisha na selotepu sakafuni. Bado hazifiki mita mbili.